Nguvu ni ya Asidi au ni ya Maji?

Wanadamu wamezoea kugawana sifa kama wanavyogawana mali. Mtu huyu huitwa hodari na yule dhaifu, huyu mkali na yule mpole, kana kwamba uhodari, udhaifu, ukali na upole ni akiba iliyofungwa ndani ya ngozi ya kila mmoja, naye huichukua kila aendako pasipo kuongezeka wala kupungua. Mazungumzo ya barazani hukubali jambo hili, vyeti vya shule hulithibitisha, na hukumu za mahakama aghalabu hujengwa juu yake. Walakini watu hao hao, mazungumzo yakigeuka, husema kuwa mtu ni watu, na kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kauli hizi mbili hukaa katika kinywa kimoja bila ya kugombana kwa sababu hazijapata kukutanishwa. Zikikutanishwa, swali la kale huzaliwa upya: tabia ya kitu ni ya kitu chenyewe, au ni ya mahali kilipo?

Swali hili huwa gumu likiulizwa juu ya mwanadamu, kwa kuwa mwanadamu hapimiki kwa urahisi. Hawezi kutolewa katika jamii moja na kutiwa katika nyingine akabaki yule yule. Umri humzidi, kumbukumbu humfuata, na tamaa ya kusifiwa humfanya ajionyeshe asivyo. Liko tawi moja la elimu, hata hivyo, ambalo limelijaribu swali hili kwa vitu visivyo na ulimi. Nalo ni tawi la kemia linalochunguza jinsi viyeyushi, yaani maji, spiriti na vimiminiko vinginevyo, vinavyobadili mwenendo wa vitu vinavyoyeyuka ndani yake. Chumvi haijui kujisifu, wala asidi haina la kujitetea. Ushahidi wake, kwa hiyo, wastahili kusikilizwa kabla ya ushahidi wa wanadamu.

Mfano wa kwanza hujulikana na wanafunzi wengi wa shule za sekondari. Gesi iitwayo hidrojeni kloridi huyeyuka katika maji, na huyeyuka pia katika tolueni, kimiminiko chepesi kisicho na rangi ambacho hutumika katika kazi ya rangi za kupaka. Ikiyeyuka katika maji hupata jina la asidi hidrokloriki: hugeuza karatasi ya litmasi ya buluu kuwa nyekundu, hulila jiwe la chokaa mpaka likatoa povu, na hupitisha umeme. Ikiyeyuka katika tolueni kavu, litmasi kavu hubaki na rangi yake, jiwe la chokaa hukaa kimya, na umeme haupiti. Gesi ni ile ile, iliyotoka katika chupa ile ile. Aliyeiona katika maji ataapa kuwa ni kali. Aliyeiona katika tolueni ataapa kuwa ni pole. Wote wawili watakuwa wamesema kweli ya macho yao, na wote wawili watakuwa wamekosea kama watadhani kuwa wameieleza gesi peke yake.

Sababu ya tofauti hii ilitafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1834 Michael Faraday, mchunguzi wa London, alieneza neno ioni, lililotwaliwa katika lugha ya Kiyunani kwa maana ya kitu kiendacho, akiwa na maana ya vipande vyenye umeme vinavyosafiri katika kimiminiko mkondo wa umeme ukipitishwa. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, alipeleka tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala juu ya jambo hilo hilo la umeme katika vimiminiko. Waliomtahini hawakupendezwa nayo, wakampa daraja ya chini. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, aliiona thamani yake, na mwaka 1887 Arrhenius alitangaza wazi kuwa chumvi na asidi zikitiwa katika maji hutengana zenyewe kuwa ioni hata kabla ya umeme kuzifikia. Mwaka 1903 nadharia hiyo iliyodharauliwa ilimpatia Nishani ya Nobel ya kemia.

Nadharia ya Arrhenius ilikuwa kweli kubwa, lakini ilikuwa na upungufu mmoja. Ndani yake maji yalikuwa kama ukumbi mtupu: watu huingia, hutengana, huchanganyika, na kuta hazina la kufanya ila kusimama. Henry Armstrong katika Uingereza na Louis Kahlenberg katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliipinga kwa ukali. Kahlenberg alipima vitu vilivyoyeyushwa katika vimiminiko vingi visivyo maji, akaona mambo ambayo nadharia hiyo haikuweza kuyaeleza. Wapinzani hawa walikosea walipozikataa ioni. Hawakukosea walipodai kuwa kiyeyushi si mtazamaji. Hutokea katika elimu, kama itokeavyo katika mabaraza ya wazee, kuwa aliyeshindwa katika shauri zima alikuwa na neno moja la haki, na neno hilo likapuuzwa pamoja na makosa yake.

Neno hilo la haki huonekana katika chumvi ya kawaida ya jikoni. Punje ya chumvi ni jengo la ioni za sodiamu na ioni za kloridi, zimepangwa kwa zamu, kila moja ikiwashika jirani zake kwa mvuto wa umeme. Kuvunja jengo hilo katika chumvi ya gramu 58 na nusu, na kuzitawanya ioni zake mbalimbali kabisa, kwahitaji nguvu ya kilojuli 787 hivi. Chumvi huyeyuka kwa moto tu joto likifika digrii 801. Hata hivyo mtoto hutia kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji baridi, akakoroga, na jengo likaanguka kimya. Maji yamewezaje kufanya kwa upole jambo ambalo moto hulifanya kwa shida?

Jibu ni kuwa maji hayavunji tu, bali hupokea. Molekuli ya maji ina ncha mbili, moja ikielekea umeme hasi na nyingine ikielekea umeme chanya. Ioni ya sodiamu itokapo ukutani huzungukwa na molekuli za maji zilizoigeuzia ncha hasi. Ioni ya kloridi huzungukwa na zile zilizoigeuzia ncha chanya. Mapokezi haya hurudisha karibu nguvu yote iliyotumika katika kubomoa. Tofauti iliyobaki haifiki hata kilojuli 4, nayo huchukuliwa kutoka katika joto la maji yenyewe, ndiyo maana maji hupoa kidogo yakitiwa chumvi. Zaidi ya hayo, maji hudhoofisha mvuto baina ya ioni zilizokwisha tengana. Kipimo cha kazi hii huitwa kipimo cha dielektriki. Katika maji, kwenye joto la digrii 25, kipimo hicho ni 78 hivi, maana yake mvuto baina ya ioni mbili zilizo mbali hupunguzwa mara 78. Katika spiriti ni 24 hivi. Katika heksani, iliyo kimiminiko cha jamii ya petroli, hakifiki 2. Walther Nernst na J. J. Thomson, kila mmoja kwa njia yake, waliutambua uhusiano huu mwaka 1893. Kwa hesabu iliyo rahisi, ioni mbili zenye umeme mmoja mmoja wa namna mbili zikiwa katika maji huacha kutawalwa na mvuto wao zikipita umbali wa nanomita 0.7, katika heksani hazipati nafuu hiyo mpaka zipite nanomita 30 hivi.

Hapa pana jambo la kufikiriwa na kila anayelipenda neno uhuru. Ioni iliyo huru katika maji si ioni iliyo peke yake. Imeachana na mwenzake wa kwanza kwa sababu imepata jamaa wapya wanaoikumbatia pande zote. Katika utupu, pasipo kiyeyushi cho chote, molekuli moja ya chumvi ikivunjwa kwa joto kali hupendelea kugawanyika kuwa atomi ya sodiamu na atomi ya klorini, kila moja bila umeme, wala haitoi ioni kwa urahisi. Upweke haukuifanya chumvi kuwa huru zaidi. Umeinyima ile hali ambayo katika maji huitwa uhuru wake. Wanaofikiri kuwa mtu akikatwa kamba zote za jamii ndipo tabia yake halisi itakapoonekana, na wautazame utupu huo.

Wala wingi wa kipimo cha dielektriki hautoshi peke yake. Kiko kiyeyushi kiitwacho dimethili salfoksidi, chenye kipimo cha 47 hivi, mara mbili ya kile cha spiriti. Mtu angetazamia kuwa asidi ya siki, iliyo asidi ya wastani katika maji, ingetengana humo bila ya matata makubwa. Kumbe hutengana kwa kadiri iliyo ndogo kuliko ya majini kwa zaidi ya mara milioni 10. Sababu yake ni namna ya ukarimu wa kimiminiko hicho. Huzipokea vizuri ioni chanya, lakini ioni hasi hakina cha kuzivika, kwa kuwa hakina hidrojeni ya kuzishika kama maji yanavyozishika. Ni mwenyeji anayemkaribisha mgeni mmoja ndani na kumwacha mwenzake uani. Asidi haiwezi kutengana vema mahali ambapo nusu yake haina makao.

Tena ioni hasi iliyoachwa bila vazi haiwi tulivu. Wanakemia wamejua kwa miaka mingi kuwa ioni ndogo hasi, zilizo pole katika maji au spiriti, huwa kali ajabu katika viyeyushi vya namna hii. Kazi ambazo katika spiriti huenda polepole, humo huweza kwenda kwa kasi iliyozidi mara maelfu. Ukali huo si tabia mpya iliyotoka mbinguni. Ni ukali ule ule uliokuwa umetulizwa na mapokezi, nao umefunguliwa na kukosa mapokezi. Mji unaojisifu kwa ukarimu wake kwa jamii moja, na kuiacha jamii nyingine uani, usistaajabu kuona kuwa wa uani wamekuwa wakali, wala usiharakishe kuandika katika vitabu vyake kuwa ukali ni asili yao.

Iko tofauti nyingine ambayo wanafunzi wengi huipita upesi, nayo ni tofauti baina ya kugeuka ioni na kutengana. Trifenilimethili kloridi ni fuwele nyeupe. Ikiyeyuka katika benzeni hutoa kimiminiko kisicho na rangi wala kisichopitisha umeme. Ikiyeyuka katika dioksidi ya salfa iliyofanywa kimiminiko, hutoa rangi ya manjano na umeme hupita. Paul Walden aliyachunguza mambo haya mwanzoni mwa karne ya 20. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa katika kimiminiko hicho sehemu ya ioni zilizozaliwa huwa zimekwisha geuka lakini hazijaachana: hukaa mbili mbili, chanya na hasi, zikizunguka pamoja. Niels Bjerrum wa Denmark alikwisha ueleza ukaaji huo wa jozi mwaka 1926. Mwaka 1933 Raymond Fuoss na Charles Kraus walionyesha, kwa chumvi moja iliyoyeyushwa katika mchanganyiko wa maji na dioksani, kuwa kadiri maji yalivyopunguzwa ndivyo jozi hizo zilivyoongezeka na umeme ulivyokosa wa kuuchukua. Kwa hiyo yawezekana kitu kiwe kimebadilika kabisa katika undani wake, na bado kisiweze kutenda lo lote, kwa kuwa mahali kilipo hapana nafasi ya kwenda. Mwenye kuhesabu matendo peke yake atasema kuwa hapakuwa na mabadiliko; atakuwa amekosea.

Mashaka makubwa zaidi huyapata maneno kali na dhaifu yenyewe. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Copenhagen na Thomas Lowry wa Cambridge, bila ya kushauriana, waliieleza asidi kuwa ni kitu kinachotoa protoni, na besi kuwa ni kitu kinachoipokea. Maelezo haya mafupi yalileta mapinduzi, kwa sababu hapana utoaji pasipo mpokeaji. Kumwita mtu mtoaji mahali pasipo wa kupokea ni kumsifia jambo asiloweza kulitenda. Nguvu ya asidi, basi, ikawa shauri la wawili: utayari wa asidi kutoa, na utayari wa kiyeyushi kupokea.

Asidi ya siki yatosha kuwa shahidi. Katika maji, ikiwa nusu ya kumi ya moli moja, yaani gramu 3, imeyeyushwa katika lita moja, molekuli 18 au 19 hivi katika kila 1,000 hutoa protoni, na zilizobaki huizuia. Kwa hiyo vitabu huiita asidi dhaifu. Katika amonia iliyofanywa kimiminiko, ambayo huchemka kwenye digrii 33 chini ya sifuri, na ambayo mwenendo wake ulichunguzwa sana na Edward Franklin na huyo Kraus, asidi ya siki hutoa protoni zake zote, kwa kuwa amonia hupokea protoni kwa hamu kubwa kuliko maji. Dhaifu wa majini amekuwa hodari. Katika asidi salfuriki tupu, asidi hiyo hiyo ya siki hushindwa kutoa cho chote, bali hupokea protoni kutoka kwa kiyeyushi na kuwa besi. Hata asidi nitriki, inayotisha katika chupa yake, hufanywa mpokeaji ndani ya asidi salfuriki, kisha huvunjika na kutoa ioni ambayo viwanda huitumia katika kutengeneza rangi na baruti. Kitu kimoja kimekuwa dhaifu, hodari na kinyume cha asidi, pasipo kubadili hata atomi moja ya asili yake kabla ya kutiwa chomboni. Ni lipi kati ya majina hayo matatu ni jina lake la haki?

Upande wa pili wa jambo hili ni usawa. Asidi perkloriki, hidrobromiki, salfuriki, hidrokloriki na nitriki, zikipimwa katika maji mengi, huonekana kuwa na nguvu moja katika kutoa protoni ya kwanza. Yamkini mtu akafurahi na kusema kuwa hizi ni ndugu sawa. Ukweli ni kuwa kila moja huyapa maji protoni yake karibu yote, na protoni hiyo ikishikwa na maji huwa ioni ya hidroniamu. Mpimaji hudhani kuwa anapima asidi tano, kumbe anapima ioni moja mara tano. Mwaka 1927 Norris Hall na James Conant wa Marekani walichunguza asidi za namna hii katika asidi ya siki tupu, kiyeyushi kisichopenda kupokea protoni, na tofauti zilizofichwa na maji zikajitokeza. Katika kiyeyushi hicho asidi perkloriki hutangulia, na nitriki hubaki nyuma kabisa miongoni mwa hizo tano. Usawa ulioonekana majini ulikuwa habari ya maji.

Baada ya mifano hii yote huenda msomaji akakata shauri kuwa asili haipo kabisa, na kuwa kila kitu ni kazi ya mahali. Shauri hilo ni la haraka. Sukari huyeyuka katika maji hayo hayo yanayoitawanya chumvi, tena huyeyuka kwa wingi mkubwa, lakini haigeuki ioni wala haipitishi umeme. Maji hayawezi kutoa katika kitu jambo ambalo kitu hicho hakina mbegu yake. Kadhalika asidi tano zilizotajwa zilifichwa tofauti zake, lakini hazikunyang'anywa. Zilipohamishwa zilikutwa nazo. Asili ipo. Ila haionekani uchi. Huonekana daima ikiwa imevaa mahali fulani, na kazi ngumu ya mwenye akili ni kutenga mwili na vazi.

Kazi hiyo ni ngumu kiasi gani ilionyeshwa mwaka 1968. Kabla ya hapo wanakemia walikuwa wamejua kuwa katika vimiminiko, spiriti zenye mwili mkubwa, kama ile ya byutili ya namna iliyosongamana, ni asidi hafifu kuliko methanoli na ethanoli. Walikuwa pia na sababu nzuri ya kuwafundisha wanafunzi: kwamba mwili wa kaboni husukuma umeme hasi kuelekea oksijeni, na hivyo huifanya protoni isitoke kwa urahisi. John Brauman na Larry Blair, katika Chuo Kikuu cha Stanford, walizipima spiriti hizo zikiwa gesi, mbali na kiyeyushi cho chote. Safu iligeuka: yenye mwili mkubwa ilikuwa asidi zaidi kuliko wenzake, na maji yalikuwa nyuma ya zote. Ile iliyodhaniwa kuwa tabia ya spiriti ilikuwa kazi ya kiyeyushi, ambacho hushindwa kuukaribia na kuuvika vema mwili mkubwa uliopoteza protoni. Kosa lilikuwa la watu hodari, nalo lilidumu kwa sababu kila mpimaji alikuwa amesimama ndani ya kimiminiko kimoja na wenzake. Jambo lililo sawa kwa wote husahauliwa na wote.

Ni halali kuyachukua mambo haya na kuyapeleka katika maisha ya watu? Si halali kuyapeleka yote. Ioni haichagui; haijui aibu wala toba; haiwezi kusema kuwa kimiminiko hiki kinaniharibu, nitakitoka. Mwanadamu aweza kusema hivyo, na mara nyingine aweza kutenda. Kwa hiyo mshtakiwa anayedai kuwa mazingira ndiyo yaliyoiba, wala si mkono wake, huomba kuhesabiwa pamoja na chumvi, na mwenye kumkubalia ombi hilo humdharau zaidi kuliko anavyomhurumia. Lakini hakimu anayedai kuwa mahali hapakuwa na neno lo lote katika tendo, na kuwa mwovu angekuwa mwovu popote, hujidai kuwa ameipima asidi katika utupu, hali yeye mwenyewe hajatoka majini hata siku moja. Wa kwanza ameikana asili, wa pili amekana mahali. Na kila mmoja amechukua nusu ya kweli iliyomfaa.

Mambo mawili ni halali kuchukuliwa. La kwanza ni kuwa kila hukumu ya nguvu na udhaifu na itaje kimiminiko chake. Mwanakemia mwangalifu haandiki kuwa asidi hii ni dhaifu na kuishia hapo. Huandika kuwa ni dhaifu katika maji, na huandika na joto lake. Mwalimu aandikaye katika cheti kuwa mwanafunzi fulani hana akili ameacha kuandika mambo ambayo mwanakemia asingethubutu kuyaacha: alifundishwa kwa lugha gani, alikula nini asubuhi, alipokewa na nani. Hana haja ya kumsingizia mwanafunzi akili asiyo nayo, maana sukari itabaki sukari. Ana haja ya kujua kuwa alichokipima ni wawili pamoja, mwanafunzi na shule, na kuwa jina la mmoja tu ndilo lililoandikwa juu ya cheti.

Sambamba na hilo huja uchaguzi wa chombo kwa kadiri ya kazi. Sheria yafaa iwe kama maji kwa asidi kali: tajiri na maskini, msomi na asiyesoma, wote wakiingia ndani yake wawe kitu kimoja, wala tofauti zao zisionekane. Mtihani wa kumchagua tabibu au rubani wafaa uwe kama asidi ya siki tupu, ufichue tofauti ambazo maisha ya kila siku huzifunika. Madhara huja vyombo vikibadilishana: mahakama inayowatenga watu kwa nguvu zao, na mtihani unaowalinganisha wote na kuuita ulinganifu huo haki.

La pili ni zito zaidi. Katika chupa ya mwanakemia, kiyeyushi na kilichoyeyuka ni vitu viwili. Katika jamii si hivyo. Kila mtu aliyeyeyuka katika wenzake ni sehemu ya kimiminiko ambamo wenzake wameyeyuka. Hata katika chupa, maji yaliyotiwa chumvi hayabaki maji matupu: hayachemki wala hayagandi kwenye joto lile lile la kwanza, na molekuli zake zimegeuzwa nyuso kuelekea wageni. Mtu anayelalamika juu ya ubaya wa mji wake hulalamika, kwa sehemu fulani iliyo ndogo lakini iliyo yake, juu ya nafsi yake. Akimpokea jirani, amebadili kipimo cha mji kwa kadiri ya mtu mmoja. Akimwacha uani, amekibadili vile vile. Hapa ndipo uchaguzi ambao ioni imenyimwa na mwanadamu amepewa unapopata kazi yake ya kweli. Huenda mtu asiweze kuchagua maji aliyozaliwa ndani yake, lakini kila siku huchagua atakuwa maji ya namna gani kwa wengine.

Swali la mwanzo, basi, halijibiwi kwa kuichagua kauli moja ya barazani na kuitupa nyingine. Nguvu ya asidi ni ya asidi na ni ya maji. Haigawanyiki sehemu mbili za kupimwa kwa mizani, kama vile kupeana mkono kusivyogawanyika nusu ya huyu na nusu ya yule. Mtu akiitwa dhaifu, mwenye haki huuliza kwanza alikuwa katika maji gani alipopimwa. Akikwisha kuuliza hilo, lililobaki ni kujitazama na kuuliza kama yeye naye hakuwamo katika maji hayo.